Beji ya Wapagazi wa Rufiji

Medali ya Vita ya Uingereza, ile waliyopewa waliotumikia kati ya 1914 na 1918, ina ukingo mwembamba, na kwenye ukingo huo limegongwa jina la mwenyewe pamoja na namba, cheo na kikosi chake. Upande mmoja kuna kichwa cha Mfalme George wa Tano. Upande wa pili kuna mtu juu ya farasi, na kwato za farasi zinaikanyaga ngao ya adui. Pande hizo ni zilezile katika mamilioni ya medali zilizotolewa. Kinachotofautiana ni ukingo. Ukiizungusha taratibu karibu na dirisha, herufi zinakuja mojamoja mpaka mtu anatimia. Ndiyo maana medali ya babu hufichwa sandukuni chini ya nguo, ikaachiwa mtoto mkubwa, na mara nyingine ikagombaniwa.

Beji ya kudarizi inayotengenezwa kwa kumbukumbu ya medali haina pa kugonga jina. Uingereza na Marekani wastaafu wa jeshi hushonea beji hizo kwenye majaketi, kofia na mikoba: sura ya medali katikati, rangi za utepe wake pembeni, mwaka wa vita chini. Anaivaa aliyepewa medali, anaivaa mwanawe, anaivaa na jirani anayetaka kumwenzi. Wapo wanaoidharau kwa sababu hiyohiyo. Wanasema ni picha ya heshima, si heshima yenyewe, kwa kuwa kila mwenye fedha kidogo anaweza kuinunua. Mimi naitazama nikiwa Kibiti, na nikiwa huku naona kwamba kutokuwa na jina ndiko kunakoifaa. Vita vilivyopita katika delta ya Rufiji vilibebwa na watu ambao hakuna aliyehangaika kuandika majina yao. Medali, kwa jinsi ilivyoumbwa, haina namna ya kumheshimu mtu wa aina hiyo. Uzi unaweza.

Delta hii ni nchi ya matope na mikoko. Kutoka Kibiti unashuka hadi Nyamisati, zinakoondokea boti za Mafia, na kuanzia hapo njia ni mito. Rufiji haiingii baharini kwa mdomo mmoja. Inachanika matawi mengi, Simba Uranga, Kikunya, Msala na mengine, na maji ya bahari hupanda na kushuka humo mara mbili kwa siku. Wenyeji hulima mpunga, huvua kamba, hukata boriti. Mgeni asiyejua saa za kujaa na kupwa hukwama mchana kweupe akitazama mitumbwi ya wenzake ikipita.

Humu ndimo ilimojificha manowari ya Kijerumani Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliivamia Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar ikaizamisha. Baadhi ya mabaharia waliokufa siku hiyo wamezikwa kisiwani Chapwani. Mashine za Königsberg zilikuwa mbovu, ikaingia Rufiji kupanda mto, na nahodha wake, Max Looff, akaificha upande wa Salale. Waingereza walikuja kufunga milango ya delta. Novemba mwaka huo walizamisha meli ya makaa, Newbridge, ili kuziba mlango mmoja. Januari 1915 waliiteka Mafia, baadaye ndege zikawa zinaruka kutoka kisiwani humo kuitafuta meli juu ya mikoko. Mwishowe zilikokotwa kutoka Malta meli mbili za kupigania mitoni, Severn na Mersey. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa, zikarudi tarehe 11. Siku hiyo Königsberg iliwaka moto, na Looff akaamuru wenyewe waizamishe.

Medali zilifuata. Eric Fullerton, nahodha wa Severn, alitunukiwa nishani ya Uingereza iitwayo DSO. Rubani John Cull, ambaye ndege yake ilipigwa ikaanguka mtoni akiwa anaelekeza mizinga, aliipata pia. Aliipata na Pieter Pretorius, mwindaji wa Afrika Kusini aliyetumwa kuhakikisha meli iko wapi na kupima vina vya mito. Sitaki kuwapunguzia kitu. Kupima kina cha mto usiku, chini ya pua ya adui, ni ushujaa. Lakini Pretorius hakuota ndoto akajua meli ilipo. Wenyeji ndio waliompeleka mpaka mahali pa kuiona, na mikono ya wenyeji ndiyo iliyopiga kafi alipokuwa anapima. Jina la Pretorius linasomeka katika vitabu na katika orodha za nishani. Waliompeleka wameitwa wenyeji, basi.

Upande wa Wajerumani mambo yalikuwa hayohayo. Mashine za Königsberg zilipohitaji matengenezo, vyuma vyake vilipelekwa karakana za Dar es Salaam na kurudishwa, vikiburutwa nchi kavu na mamia ya watu. Meli ilipokwisha kuzama, mizinga yake 10 iliopolewa, ikaburutwa tena hadi Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu na kupelekwa vitani sehemu mbalimbali za nchi. Leo mmoja upo Mombasa na mwingine Pretoria, na watu hupiga nao picha. Ukisimama mbele ya chuma kile, jiulize kilitokaje kwenye matope ya Salale. Hapakuwa na trekta wala barabara. Palikuwa na kamba, mabega, na mtu wa kuimbisha ili wavutao wavute kwa pamoja.

Halafu kikaja kipindi kibaya zaidi. Mwanzoni mwa 1917 majeshi ya Waingereza yalifika Rufiji yakiwafuata askari wa kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, na masika ya mwaka huo yakageuza bonde kuwa ziwa. Ng'ombe na farasi walikuwa wamekwisha kwa ndorobo, magari yalizama matopeni, kila gunia la chakula likapanda kichwani mwa mtu. Katika vita nzima ya Afrika Mashariki Waingereza peke yao wanakisiwa kuwatumia wapagazi karibu milioni moja, wengi kwa nguvu. Waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na kilichowaua hasa ni kuhara, malaria na njaa, si risasi. Kambi yao kubwa ya Dar es Salaam ndipo lilipo soko la Kariakoo leo.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita ile, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni watu 234,000. Sijui kama kuna namna nyingine ya kusema kwa uwazi zaidi kwamba mtu hakuthaminiwa: hata idadi yake inakosewa kwa kiasi cha mji mzima.

Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Ni kweli, ila pete ina mvishaji, na mvishaji ana macho yake. Medali ile ya 1914 hadi 1918 yenyewe ilikuwa ya madaraja: ya fedha kwa wanajeshi, ya shaba kwa vikosi vya vibarua kutoka China, Malta, India na kwingineko. Sura ni ileile, utepe ni uleule wa rangi ya chungwa katikati na michirizi myeupe, myeusi na ya buluu pembeni, lakini ukiigusa unajua mwenyewe alikuwa mtu wa bunduki au mtu wa sepetu.

Hapa Rufiji jambo hilo lina mfano mkongwe na mchungu kuliko huo. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyechochea vita vya Maji Maji, alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita hivyo vilipokuwa ndiyo kwanza vinaanza. Makadirio ya waliokufa katika vita ile na njaa iliyofuata, njaa iliyoletwa kwa kuchoma mashamba na maghala kwa makusudi, ni kati ya 75,000 na 300,000. Mwaka 1912 Kaisari Wilhelm wa Pili alianzisha medali ya vita vya makoloni. Juu ya utepe wake ilibanwa pini ya kutaja vita ambavyo mvaaji alipigana, na moja ya pini hizo iliandikwa jina la koloni hili na miaka 1905 hadi 1907. Kwa hiyo Maji Maji ina medali, na imepewa upande mmoja. Waliokufa wakila mizizi Umatumbini na Ungoni hawakupigiwa chuma chochote.

Nayasema haya kwa sababu mtu akitaja heshima ya kijeshi watu wengi hufikiri juu ya gwaride. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina maandishi yanayowataja wapagazi pamoja na wapiganaji. Hilo ni jema. Ila aliye juu, aliyechongwa kwa shaba, ni mmoja tu, mwenye bunduki na singe. Nairobi, mwaka mmoja baadaye, mchongaji huyohuyo, James Alexander Stevenson, alisimamisha watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Kwa hiyo iliwezekana. Kila nikipita Barabara ya Samora, Dar es Salaam, huwaza kwamba sanamu yetu ina watu wawili wasioonekana.

Vita vya pili vya dunia vilibadilisha mambo kidogo. Vijana wa Tanganyika waliingia King's African Rifles wakafika Burma, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivaa begani beji ya kitambaa yenye kichwa cha kifaru. Waliorudi walikuwa na nyota ya Burma, utepe wake wa buluu na nyekundu wenye michirizi ya chungwa. Lakini nyota hizo za vita vya pili Uingereza iliamua kuzitoa bila kugonga majina. Mzee akishafariki, nyota iliyobaki sandukuni haiwezi kusema ilikuwa ya nani. Ukoo usiposema, imekuwa chuma cha mtu yeyote. Hapo medali na beji ya uzi zinakuwa sawa: zote mbili zinategemea mdomo wa mtu aliye hai.

Mwaka jana nilimpelekea fundi mmoja wa Kibiti mjini, mama anayedarizi nembo za sweta za shule, karatasi niliyochora beji ya wapagazi. Nilichora kamba nene inayopinda kutoka pembe moja hadi nyingine, mtu amebeba mzigo kichwani, na nyuma yake mizizi ya mkoko. Alibana kitambaa kigumu kwenye fremu ya mbao mpaka kikalia kama ngoma kilipopigwa kidole. Akaanza na mzingo, uzi mweusi, halafu akaujaza mwili kwa mishono iliyolala karibukaribu, akibadilisha mwelekeo kwenye mikono ili mwanga uonyeshe misuli. Mguu wake kwenye cherehani ulikuwa mzito pale palipohitaji unene, mwepesi kwenye vidole. Mzigo aliufanya kahawia kwa rangi mbili. Usoni hakushona macho wala mdomo, aliacha uzi mweusi mtupu, na sikumwambia aongeze.

Alipofika chini, penye nafasi ya maandishi, alisimamisha mashine.

"Mwalimu, hapa tunaandika jina la nani?"

Nikamwambia, "Mama, hatulijui."

Alikaa kimya kidogo akikata nyuzi. "Basi andika kwao," akasema. "Mtu hata asipojulikana jina, ana kwao."

Tukaandika Salale, Nyamisati, Mohoro. Herufi zilibana, ikabidi ya mwisho ipindwe kidogo kufuata duara. Nimeishi na wazo lake tangu siku hiyo, na kila ninavyolizungusha naliona ni sahihi kuliko langu. Mimi nilikuwa nafikiri beji isiyo na jina inatosha kwa kuwa ni ya wote. Yeye aliona kwamba ya wote bila mahali ni ya hewani. Medali ilimtambulisha mtu kwa namba na kikosi, yaani kwa waliomwajiri. Beji ya delta imtambulishe kwa kijiji, yaani kwa waliompoteza.

Kuna jambo lazima liangaliwe, na ni zito. Nchi hii haichezi na mavazi ya jeshi, na haki iko upande wake. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia wote wenye mavazi yanayofanana na ya jeshi wayasalimishe. Kibiti kuliko kwingine tunajua kwa nini mtu aliyevaa kama askari lazima awe askari. Kati ya 2015 na 2017 watu zaidi ya 30 waliuawa katika wilaya zetu, wengi wao wenyeviti na watendaji wa vijiji na vitongoji, na tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa mara moja huku Mkengeni. Zipo na familia ambazo mpaka leo zinauliza ndugu zao walikwenda wapi. Katika mji wenye kidonda hicho, beji ya kumbukumbu isiwe na rangi ya madoa, isifanane na cheo, isikae begani. Ikae kwenye mkoba, kwenye sweta la mtoto wa shule, kwenye pindo la kanga, kwenye kofia ya mzee anayekwenda Ijumaa. Kofia za kudarizi tunazo tangu zamani, na mkono wa kuzitengeneza haujapotea.

Wala beji isiwe mbadala wa nishani za taifa. Waliopigana Kagera, kuanzia uvamizi wa majeshi ya Idi Amin Oktoba 1978 mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, wana nishani yao, na waliokufa wana makaburi Kaboya yanayotunzwa na kuwekwa maua. Hilo tulilifanya wenyewe, na tulilifanya vizuri. Linaonyesha kwamba tunajua kuheshimu tukiamua. Katika vita hivyo pia, pamoja na wanajeshi wa kudumu walikwenda mgambo kutoka vijijini, watu waliotoka shambani wakarudi shambani, na wengi wao wakazeeka bila mtu kuwauliza. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, macho yote huwa kwenye mnara wa taifa. Katika wilaya kama Kibiti na Rufiji siku hiyo ingeweza kuanza asubuhi shuleni, watoto wakisomewa majina ya wa kwao waliokwenda, wenye bunduki na wenye mizigo.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee wa Lettow-Vorbeck waliokuwa bado hai Tanganyika mishahara waliyokuwa wakiidai tangu vita. Inasimuliwa kwamba wengi walikuwa wamepoteza vyeti vyao, ndipo afisa aliyekuja na fedha akawapa fagio badala ya bunduki na kuwaamrisha kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Hadithi hiyo inapendwa, nami naipenda. Lakini kwa mpagazi jaribio kama hilo lisingekuwepo. Hakufundishwa amri, alifundishwa kubeba. Angeonyesha nini? Shingo? Ingekuwa ni haki naye apimwe, maana bila gunia lake hakuna fagio wala bunduki iliyofika popote. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Najua watu watauliza faida ya kushona vitambaa kwa ajili ya waliokufa miaka zaidi ya 100 iliyopita, wakati mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti na watu bado wanajijenga upya. Swali ni la haki. Sisemi serikali itenge fungu la beji. Nasema fundi mmoja, kitambaa kidogo na uzi wa rangi nne vinatosha kuanza, na darasa moja la shule ya sekondari linaweza kukusanya katika muhula mmoja kile ambacho Tume ya Makaburi haikukipata katika karne nzima: jina la babu wa babu, kijiji alichotolewa, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Wazee wanaokumbuka waliyosimuliwa na waliorudi wamebaki wachache sana, na wengine wapo visiwani, Mbwera na Kiongoroni, kufika kwao ni kusubiri maji yajae.

Kwa hiyo ombi langu ni kwako msomaji wa Rufiji, Kibiti, Mafia, Kilwa, na popote walipochukuliwa watu. Kama nyumbani kwenu kuna utepe uliochakaa, nyota isiyo na jina, kipande au cheti cha kuachishwa jeshi, kipige picha pande zote mbili na uandike nyuma ya picha kilikuwa cha nani. Kama hakuna kitu, lakini kuna jina linalotajwa kwenye hitima, liandike hilo na kijiji chake, ulipeleke kwa mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu. Fanya hivyo kabla ya masika.